Wimbo wa Beseni

Chadia alichota namba saba. Kabla ya kufungua kikaratasi vizuri alimtafuta Caleb kwa macho, kwa kuwa miezi minane sasa hakuwa na habari, nzuri wala mbaya, ambayo hakumpa yeye kwanza. Caleb, aliyewapigia washindani wote, alikuwa ameketi kwenye piano, mgongo umenyooka, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake. Chadia alimwonyesha vidole saba kwa siri, ameviegemeza pajani. Caleb aliinamisha kichwa, akaanza kupanguza vibao vya piano ambavyo vilikuwa safi tangu asubuhi.

Chadia alidhani anaona haya. Kwa nini asione haya? Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa, na mama yake Caleb, maman Delphine, alikuwa ameketi mstari wa mbele kama mwenye nyumba.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya vijana wanaoimba kwa sauti ya klasiki. Walianza thelathini na sita, wakabaki wanane. Raundi mbili za kwanza waliimba Kiitaliano na Kilatini, waamuzi wakiwa nyuma ya pazia wasione sura ya mtu. Leo pazia limeondolewa. Leo kila mmoja ataimba wimbo mmoja wa nyumbani kwao, wimbo ambao waamuzi hawajapata kuusikia, na kanuni ilikuwa fupi: wimbo hauimbwi mara mbili. Aliyetangulia ndiye mwenye wimbo. Mshindi atakwenda Cape Town kusoma kuimba miaka miwili.

Chadia hakuwa na wasiwasi. Wimbo wake hakuna mtu angekuwa nao.

Ulikuwa wimbo wa beseni. Wanawake wa ukoo wao walikuja nao kutoka Kasongo, wakauleta mpaka Lubumbashi, mtaa wa Naviundu, na hawakuuimba popote isipokuwa mahali pamoja: chumba kilichofungwa, asubuhi ya arusi, bibi arusi ameketishwa ndani ya beseni la maji ya majani, wanaume wote wametolewa mpaka barabarani. Ubeti wa kwanza ni wa maji. Wa pili ni wa mama. Wa tatu unamwita bibi arusi kwa jina lake la ndani, jina ambalo wanawake wa nyumba peke yao wanalijua, ili aliache pale majini, mume wake aje alikute.

Kambo yake, bibi Zabibu, mama wa baba yake, alikaa siku tatu akiwaza kabla ya kumruhusu. Baba yake, mzee Kasimu fundi wa kushona, alikuwa amekataa kabisa. "Mutoto wa kiislamu anaenda kufungua kinywa mbele ya bapadri," alisema huku sindano iko midomoni, "kesho batasema ni mimi nilimutuma." Kambo ndiye aliyemnyamazisha. Kisha akamwita Chadia pembeni.

"Imba ya kwanza na ya pili," alimwambia. "Ile ya tatu, acha mu kinywa. Ile ni ya siku yako."

"Ndiyo, kambo."

"Unanisikia? Mu kinywa."

"Nimesikia, kambo."

Na alikuwa amesikia kweli. Lakini kulikuwa na alasiri moja ya mvua katika chumba cha kwaya, yeye na Caleb, mabati yakipiga kelele juu ya vichwa vyao. Caleb alikuwa akiandika noti kwa penseli katika daftari la miraba. Alipomaliza ubeti wa pili aliinua kichwa, akamwangalia.

"Ile wimbo haimaliziki hapo," alisema. "Iko na kipande ingine."

"Iko. Lakini haiko ya kuandika. Ni ya kuimbia bibi arusi tu."

"Na mimi niko muntu wa inje?"

Alisema hivyo polepole, bila kucheka. Chadia alitazama penseli. Ilikuwa imelala juu ya daftari, na mikono ya Caleb ilikuwa magotini. Basi akamwimbia. Akamwimbia ubeti wote, na jina ndani yake, kama mtu anayevua nguo. Caleb hakuandika hata noti moja. Chadia hakujua kwamba mtu mwenye sikio kama lile hahitaji penseli.

Alipomaliza, Caleb alimshika vidole. "Mwayuma," akaita. Hakuna mwanaume aliyewahi kumwita hivyo. Tangu siku ile, moyoni mwake, Chadia alijihesabu ameolewa. Kilichobaki ni wazee kuketi.

Sasa alikuwa amesimama kwenye korido, nyuma ya mlango wa ukumbi, anakunywa maji ya tangawizi kutoka termosi ili koo lipate moto. Namba tatu alitoka akipanguza jasho. Namba nne aliingia: Deborah, binti wa ubatizo wa maman Delphine, mwembamba, mwenye sauti safi na heshima nyingi. Alikulia mjini, nyumba ya Kifaransa mpaka mezani. Wiki nzima washindani walikuwa wakimtania: utaimba nini wewe, tangazo la redio?

Mlango haukufungwa vizuri. Chadia alimsikia akijitambulisha.

"Nitaimba wimbo wa kuogesha bibi arusi."

Termosi ilikuwa karibu na mdomo. Chadia aliishusha. Alijiambia kuna makabila mengi, na kila kabila huoga.

Piano ikaanza. Ilianza taratibu, noti mbili zikipanda na moja ikirudi, vile vile alivyomwomba Caleb iwe, kama mkono unaochota maji. Chadia alisogeza jicho penye ufa wa mlango. Alimwona Caleb akiinua kidevu, akanyanyua nyusi zote mbili kumwambia mwimbaji: vuta pumzi. Yale macho. Chadia alikuwa ameyaweka moyoni kama kitu alichopewa peke yake. Deborah akavuta pumzi.

*Maji ya mto, mupokee mwana,*
*alikuja kwetu amefunga macho.*

Aliimba vizuri. Hilo ndilo lililouma kwanza. Aliimba ubeti wa maji, akaimba wa mama, na ukumbi ulikuwa umetulia kama watu wanaosali. Chadia alisubiri amalizie pale. Alimwomba Mungu amalizie pale. Piano haikumalizia. Piano ilipanda ngazi moja, ikaufungua mlango wa tatu, na Deborah akaingia na sauti yake yote.

*Mwayuma, acha jina majini,*
*Mwayuma, yeye atalikuta.*

Aliliimba mara nne, juu kabisa, hadharani. Watu mia mbili walilisikia. Kwao lilikuwa jina tu la mwanamke fulani ndani ya wimbo.

Katika mstari wa tatu, kambo Zabibu alisimama. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha buluu, kile cha siku ya Idi. Hakufanya fujo. Alikaza kitambaa kichwani, akapita mbele ya magoti ya watu akiomba samahani kwa kila mmoja, akatoka kwa mlango wa nyuma wakati ukumbi ulipoanza kupiga makofi. Maman Delphine alijipepea kwa karatasi ya ratiba, akitabasamu.

Baada ya namba tano, waamuzi walitoa dakika kumi za mapumziko. Caleb alitoka kwenye korido. Alipomwona Chadia alisimama kama mtu aliyekanyaga maji ya sabuni.

"Chadia, sikiya."

"Nimekwisha kusikiya. Nilikuwa ku mulango."

"Nilitaka kukuambia tangu mwanzo wa wiki."

"Ulitaka. Na kinywa ilikuwa fasi gani?"

Caleb alitazama nyuma, akaona watu, akashusha sauti. "Wiki muzima niko nakuambia: badirisha wimbo, imba ingine. Ulikataa."

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki nzima alimwambia wimbo ule ni mpole mno, waamuzi hawataupenda, achukue mwingine wa kuchangamsha. Chadia alikuwa amecheka. Alidhani anamwonea huruma.

"Basi ulikuwa unanisafishia Deborah njia," alisema.

"Hapana. Sikiya mbele. Maman aliniita. Aliniambia kama ninasaidia Deborah, kama Deborah anapata wimbo yenye jury haiyui, ye atakuja kwenu. Maman yangu, Chadia. Ataleta bazee. Ataikala na papa yako Kasimu."

"Maman Delphine? Yule mwenye alisema mutoto wa muskiti hatapika mu chungu yake?"

"Yule yule. Alikubali. Nilifanya juu yetu."

Chadia alimwangalia. Alimtafuta usoni yule kijana wa chumba cha kwaya, na ubaya ni kwamba alimwona. Alikuwa yule yule: macho yale, kovu dogo kwenye kidevu, sauti ile ya chini. Hakuwa amebadilika hata kidogo. Alikuwa hivi siku zote.

"Ulitoa wimbo ya arusi," alisema, "juu ya upate arusi."

"Ni wimbo, Chadia. Wewe uko na sauti. Ungeimba hata majina ya mafundi wa soko, batu batapiga makofi."

"Na siku ile, banamuke ba kwetu bataniimbia nini mu beseni? Cantique ya kanisa?"

"Bataimba ile ile. Nani atabakataza?"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Hakuelewa. Chadia aliona kwamba hakuelewa.

"Ile ya tatu, Caleb. Nilikuambia ni ya nani."

"Bila ile ya tatu haina mwisho. Jury inapenda wimbo yenye inapanda. Nilijaribu kuikata, ilikufa. Ni wewe mwenyewe ulisikia namna ukumbi…"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Na jina? Haungetia jina ingine? Majina iko mingi mu hii mugini."

"Ni ile njo ilikaa vizuri na noti," Caleb alisema.

Chadia alicheka kidogo, kicheko kikavu kilichomkwaruza koo alilolipasha moto asubuhi nzima. Kisha akauliza jambo ambalo hakujua kama anataka kulijua.

"Ningeshinda, ningeenda Cape Town miaka mbili. Ile nayo uliiwaza?"

Caleb alianza kukunja mkono wa shati, ule uliopigwa pasi, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili. Chadia aliyasubiri maneno, lakini ile mikunjo ndiyo ilikuwa jibu.

Mlango wa upande ukafunguka, Deborah akaja mbio mbio ameshika kalamu.

"Yaya Chadia, dada yangu, ni vizuri nakukuta. Yaya Caleb aliniambia ile wimbo ni ya ngambo ya kwenu. Mwayuma njo nani? Jury banaweza kuniuliza, sitaki kukaa pale kama chupa."

Hakuwa na hila usoni. Alikuwa amesimama na kalamu yake kama mtoto wa shule. Caleb alitazama sakafu.

"Ni muntu mumoja wa kwetu," Chadia alisema.

"Alikufa?"

"Asubui alikuwa muzima."

Deborah alimtazama yeye, akamtazama Caleb, kalamu ikabaki hewani. Kengele ya waamuzi ikalia.

Namba sita aliimba, Chadia hakusikia kitu. Alipoitwa, alipanda jukwaani kwa miguu ambayo ilijua njia yenyewe. Kiti cha kambo kilikuwa wazi. Mwenyekiti wa waamuzi, papa Rigobert, mzee aliyefundisha kwaya miaka arobaini na ambaye baba yake alijenga reli, alirekebisha miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Namba saba. Wimbo gani, mwanangu?"

"Wa kuogesha bibi arusi, papa."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Papa Rigobert aliweka kalamu chini.

"Ile, namba ine amekwisha kuiimba. Sheria unaiyua."

"Naiyua, papa."

"Uko na ingine? Hata ya batoto. Tutakungojea."

Ndipo piano ikaanza, chini chini, bila kuambiwa. Chadia aliutambua mara moja. Ulikuwa wimbo wa kuruka kamba, wa wasichana wa Naviundu. Siku moja alimwimbia Caleb kwa mzaha karibu na mto, na Caleb akautungia muziki wa kifalme, wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye majani. Sasa alikuwa akimpa. Alikuwa akimrudishia kitu, kile kidogo alichoweza, mbele ya mama yake aliyekuwa ameacha kujipepea.

Ungetosha. Chadia alijua kwamba ungetosha. Kwa sauti aliyokuwa nayo siku ile, na ule uchungu uliokuwa umeikaza kama ngozi ya ngoma, angeweza kuwaliza waamuzi kwa wimbo wa kuruka kamba. Cape Town ilikuwa pale, umbali wa pumzi moja.

Caleb aliinua kidevu. Akanyanyua nyusi. Vuta pumzi.

Na kifua cha Chadia kikatii. Kilijaa chenyewe, kama mbwa anayekuja akiitwa. Hapo ndipo alipoogopa. Alisimama na pumzi ya Caleb ndani yake, akaelewa kwamba akiifungulia sauti, ataimba kwa amri ya macho yale leo, na kesho, na siku ambayo maman Delphine ataleta wazee. Akaiachia pumzi itoke polepole, bila sauti.

Alitembea mpaka kwenye piano.

"Toa mikono," alimwambia.

"Chadia, imba. Nakuomba. Utashinda."

"Toa mikono, Caleb."

Aliitoa. Chadia alishusha kifuniko cha piano taratibu, kama mtu anayefunika chungu ili chakula kisiingie vumbi. Ukumbi wote ulisikia mbao ikigusa mbao.

"Mwanangu," papa Rigobert alisema, "unajitoa?"

"Nilikuwa na ile moja, papa. Imekwisha kuimbwa."

Mzee alisoma karatasi yake, akasoma ya jirani yake, halafu akainua uso. "Namba ine alifundishwa na nani?"

Maman Delphine alikaa wima. Deborah, pembeni ya jukwaa, alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kuelewa. Caleb hakusogea. Shingo yake ilikuwa wazi, imeinama, na Chadia aliijua ile shingo, alijua inavyonukia sabuni. Ingekuwa rahisi kumtaja.

"Ni mimi nilitoa, papa," alisema. "Nilipatia muntu mumoja. Ye alipatia muntu ingine."

Papa Rigobert alivua miwani. Alimwangalia Caleb kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia mwimbaji yeyote siku ile. Chadia aliinama kwa waamuzi kama alivyofundishwa, akashuka, akapita katikati ya ukumbi mpaka nje.

Jua la saa tisa lilikuwa kali uani. Kambo Zabibu alikuwa ameketi juu ya ukuta mfupi wa saruji karibu na lango, viatu amevivua, amevipanga kando. Chadia alisimama mbele yake. Alikuwa amejitayarisha kwa hasira. Kambo hakuwa na hasira. Chadia aliketi chini, kwenye changarawe.

"Kambo, ni mimi nilimufundisha Caleb."

"Nayua. Kitu ya mu kinywa haiibiwi. Ni mwenyewe njo anatoa."

"Nilifikiri njo yeye."

"Eee." Kambo aliondoa uzi uliokuwa umeshikilia bega la Chadia. "Hata mimi, siku nilimuona anakusindikiza mpaka ku kona, nilifikiri njo yeye. Uliimba?"

"Hapana."

"Uliacha hivi?"

"Niliacha."

Ndani ya ukumbi namba nane alikuwa ameanza, mvulana mwenye sauti nzito, akiimba bila piano.

"Jina, tutakutafutia ingine," kambo alisema. "Jina haikosaki. Nitauliza dada yangu ku Kasongo, beko na akiba. Lakini wimbo ile imesikiwa na wanaume, imepigiwa makofi. Hatuwezi kuirudisha tena mu chumba. Sitaiimba. Wadogo zako nao hawataiimba."

Chadia aliuma mdomo. "Na siku yangu, kambo?"

"Siku yako tutakuogesha kimya."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya unga. Ndipo Chadia alipolia. Hakulia kwa ajili ya Cape Town. Aliona chumba, mlango umefungwa, shangazi zake wamezunguka beseni na mikono iliyojaa maji, vinywa vimefungwa. Kambo alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akaingiza miguu ndani ya viatu, akampa mkono, wakasimamishana.

Walikuwa wamefika langoni waliposikia hatua zinakuja mbio juu ya changarawe. Zikasimama mbali kidogo, kama zimeogopa kukaribia.

"Chadia."

Hawakusimama.

"Chadia, nakuomba." Kisha sauti ikashuka, ikawa ile ya chumba cha kwaya, ile ya mvua juu ya mabati. "Mwayuma."

Mwili wa Chadia ulitaka kugeuka. Aliushika mkono wa kambo kwa nguvu zaidi, akatazama barabara, mwanamke anayeuza ndizi, vumbi jekundu nyuma ya lori. Kambo ndiye aliyegeuza shingo, akamtazama yule kijana wa shati jeupe kutoka juu mpaka chini.

"Ule muntu eko anaita nani?"

"Siyui, kambo," Chadia alisema. "Twende."